Wote Isipokuwa Wawili

Status zote za mama naandika mimi. Mama anasoma polepole, na vidole vyake, anasema mwenyewe, vimezoea sindano, havijazoea kioo cha simu. Akimaliza gauni ananiita kibandani kwake, nalipiga picha likiwa limetundikwa mlangoni, yeye anasema maneno, mimi naandika. "Andika: karibuni wateja. Weka na maua." Naweka maua.

Kazi hiyo niliipenda kwa sababu mimi ni msichana wa kusemea kifuani. Darasani mwalimu akiniuliza kitu, wenzangu wa dawati la mbele walikuwa wananirudia ili asikie. Kwenye simu ya mama sihitaji sauti. Nilikuwa nasema na nusu ya Gisenyi, na mashangazi wa Goma, na wateja mpaka Busasamana, na hakuna aliyejua kwamba ni mimi.

Nataka kuandika nilichofanya na kazi hiyo. Nimejaribu mara mbili kwenye daftari hili, na mara zote mbili nilijiandika mzuri kuliko nilivyokuwa. Nikachana karatasi. Hii ni ya tatu.

Nianze na mama mkubwa. Kwa damu si ndugu yetu. Ni jirani, nyumba yake iko juu yetu kwenye mteremko, Mkatoliki mwenye kwao Nyundo, na kila alfajiri anavuka mpaka, barrière tunavyoiita, na beseni la nyanya kichwani, anauza Goma, anarudi mchana. Nilipozaliwa mama aliugua, maziwa yakakauka. Jirani huyu alikuwa na binti wa wiki tano. Akaniweka kwenye ziwa la pili. Alininyonyesha miezi minne, mimi huku, binti yake huku. Kwetu Waislamu hilo si jambo la kusema asante na kupita. Aliyekunyonyesha ni mama yako. Wanawe wa kiume siwezi kuolewa nao mpaka kufa. Na binti yake ni ndugu yangu kabisa, isipokuwa yeye alipata sauti yake na ya kwangu pia.

Mama yangu na mama mkubwa wanaitana "chérie", yaani mpenzi kwa Kifaransa. Wote wawili ni wanawake wanene, wa makamo, na wanaitana chérie kutoka ng'ambo hii ya njia mpaka ile, wapita njia wanacheka.

Mwaka huu ndugu yangu na mimi tulimaliza sekondari. Siku ya kuomba chuo tulienda pamoja kwenye saiberi ya karibu na soko, tukakaa kiti kimoja, tukajaza maombi yake, kisha yangu. Wote wawili tuliomba uuguzi. Tukitoka akasema, "Tuahidiane. Ule atapata jibu, mwenzake ajue kwanza, mbele ya mama yake." Nikasema sawa. Akasema, "Sema kwa sauti, mi sisikii sawa za kichwa." Nikasema kwa sauti.

Jibu langu lilikuja Jumanne mchana, nikishona vifungo kibandani na simu ya mama ikiwa magotini. Nimekubaliwa. Nilisoma barua mara tatu. Mama alikuwa mbele yangu, mgongo wake ukinitazama, cherehani inapiga kelele, na sikumwambia, kwa ajili ya ile ahadi. Mpaka hapo nilikuwa mtu mzuri. Nilipanga jioni nikutane na ndugu yangu bombani, nimwambie.

Yeye alifika bombani kabla yangu. Alikuwa amekalia dumu lake, na macho yamevimba.

"Wameniandikia," akasema. "Ni hapana."

Mimi nikasimama na dumu langu.

"Na we?"

"Bado," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani lilitoka wazi, hakuna haja ya kurudiwa. Akanivuta mkono, akaweka kichwa kwenye bega langu, akalia. "Yako itakuja," akaniambia, katikati ya kilio. "We una akili ya kutulia. Yako itakuja tu." Mimi nikampapasa mgongo. Na hapa ndipo nilipokuwa nachana karatasi, kwa hiyo niandike haraka: nilimwonea huruma, ndiyo, lakini ndani ya huruma kulikuwa na utamu kidogo. Miaka yote yeye ndiye aliyenishika mkono na kunisemea. Jioni hiyo mimi ndiye nilikuwa namfariji, na nilijisikia mkubwa.

Siku mbili nikakaa na siri. Alhamisi mama akauliza tena kama jibu limekuja, na yeye sikuweza kumdanganya usoni, maana ana macho ya kupima nguo. Nikamwonyesha barua. Alipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akatoka na kiatu cha mteja mkononi kuuliza nani anaolewa.

"Hakuna anaolewa!" mama akasema. "Mutoto yangu amepata université!" Kisha kwangu: "Andika. Andika: Alhamdulillah. Mungu ametuona. Binti yangu amekubaliwa chuo, atakuwa muuguzi. Weka barua yenyewe. Weka picha yako, ile ya uniform. Weka maua, weka yote."

Siku hizi hapa mtaani ndivyo ilivyo. Zamani mzazi alizunguka nyumba kwa nyumba na habari yake. Sasa anaiweka kwenye simu, anakaa mlangoni, anangoja watu waje. Wakati wa majibu ya vyuo simu zinajaa watoto wa watu, kila mmoja na barua yake na maua yake, na mzazi ambaye hajaweka kitu mtaa unaelewa.

Nikaandika yote. Kabla ya kutuma nikafikiria ndugu yangu akiiona. Simu ya mama iko kwa Kifaransa, na pale kwenye kuchagua nani aone, kuna sehemu inasema wote isipokuwa, halafu wewe unaweka alama kwa wale usiotaka waone. Nikaweka alama kwenye picha ya ndugu yangu. Lakini mama yake akiona, atamwambia. Basi nikaweka alama ya pili, kwenye picha ya mama mkubwa, aliyevaa kilemba cha Pasaka na kucheka. Wote isipokuwa wawili. Nikatuma.

Nilijiambia nimeficha ili nisiwaumize. Sikujiuliza habari itafichika mpaka lini, kwenye mtaa ambao fundi viatu ameshajua. Nilitaka tu isiwe leo, na isiwe mbele yangu.

Jioni hiyo mama alitengeneza chai ya tangawizi, akajaza thermos, akaagiza maandazi. Akatoa viti viwili nje. Nikamuuliza anamngoja nani.

"Unauliza? Chérie amerudi mchana, simu yake ameangalia, sasa hivi utasikia impundu kutoka huko juu." Impundu ni vigelegele vya Kinyarwanda, na za mama mkubwa zinasikika mpaka ziwani.

Tukakaa. Watu walikuja, walikula maandazi, walisema hongera. Kila mtu akipita mama anatazama juu ya mteremko. Mpaka Isha hakuna impundu.

"Amechoka na barrière," mama akasema. "Kesho."

Ningeweza kumwambia pale. Chai ilikuwa bado ya moto.

Ijumaa hakuja. Jumamosi mchana mama mkubwa alikuja kibandani. Hakutua beseni kichwani. Alisimama mlangoni, mwanga nyuma yake, sikumwona uso vizuri.

"Bonjour, madame," akamwambia mama.

Cherehani ilisimama. Mama alicheka, akidhani ni utani. "Madame nani tena? Ingia, chérie, mi nakungoja tangu juzi."

"Nilikuja kutwaa kitenge yangu."

"Kitenge ya harusi ya kwenu? Bado. Sijaweka mikono."

"Nipe vile iko."

"Bila mikono?"

"Bila mikono, madame. Nitapata fundi mwingine."

Mama akakikunja, polepole, na pini zikiwa ndani. Mama mkubwa akakipokea, akakitia kwenye beseni juu ya kichwa chake bila kulishusha. Akanitazama mimi mara moja. Mimi nilikuwa nahesabu vifungo ambavyo nilikuwa nimeshahesabu. Akaondoka.

Mteja mmoja aliyekuwa anangoja kupimwa akasema, kwa ile sauti ya mtu anayefurahia, "Mi niliwaambia watu, habari ya heri haiwekwi mbele ya macho. Macho iko mingi. Wake ameanguka, wako amepita. Sasa unategemea nini?"

"Huyu si mutu wa husuda," mama akasema.

"Ah, bon. Na kitenge?"

Nilimwona mama akilichukua lile neno na kuliweka mahali, kama anavyoweka pini mdomoni, hajaitumia lakini iko. Jumapili akalitumia. Alikuwa anamenya viazi, akasema bila kuniangalia, "Miaka kumi na tisa. Kumbe alikuwa anafurahia tukiwa chini." Na mimi nikaendelea kuosha sufuria. Nilimwacha mama yangu aamini hivyo juu ya mwanamke aliyenilisha kifua chake, siku nzima, na usiku nikala viazi.

Jumatatu asubuhi mama aliniita. Alikuwa amelala vibaya, na mtu akilala vibaya hutafuta maneno.

"Chukua simu. Andika: Mungu akitaka kukupa, hamuulizi jirani." Akafikiri. "Weka ile sura ya kucheka mpaka machozi."

Nikaandika.

"Na uhakikishe yeye ataona. Wengine wasione sawa tu, lakini yeye aone."

Kidole changu kilisimama. Ili yeye aone, ilinibidi nifungue ile sehemu ya wote isipokuwa, niondoe alama. Furaha nilimfungia mlango, na sasa nilikuwa namfungulia ili apokee tusi. Ningependa kuandika kwamba hapo niliweka simu chini nikakiri. Sikukiri. Niliifungua. Nilikuwa tayari kuondoa alama, kutuma, kunyamaza maisha yote. Ila mama alikuwa ameinama juu ya bega langu kuona kama sura ya kucheka imekaa vizuri, na mama Kifaransa hasomi, lakini nyuso anasoma.

"Hii picha yake inafanya nini hapa?"

"Wapi?"

"Hapa. Yeye na binti yake. Wote wengine hawana hii alama nyekundu. Wao wawili wanayo. Ni alama ya nini?"

Nikasema kifuani.

"Sema."

"Ni wasioona," nikasema. "Ile ya Alhamisi. Hawakuiona."

Mama alikaa. Alivua ile mita ya kupimia shingoni akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nani alikuambia kuwaficha?"

"Hakuna. Nilikuwa namwonea huruma ndugu yangu."

"Unajua mutu anaficha nani habari ya heri?" Hakupaza sauti. "Unamuficha mulozi. Mutu unaogopa jicho yake. Umemuita mulozi mwanamuke alikunyonyesha. Kidole ni yako, lakini simu ni yangu. Kwa hiyo mi ndiye nimemuita." Akafunika uso na mikono miwili. "Na mi jana nimesema nini kwa mdomo yangu. Ya Rabbi, nimesema nini."

Mama hufunga kibanda saa za kazi kwa mambo mawili tu, msiba na sala ya Ijumaa. Jumatatu hiyo alifunga. Tulingoja mpaka saa nane, wakati mama mkubwa anakuwa amerudi, tukapanda mteremko. Mlangoni mama akaniambia, "Mi nitanyamaza. Utasema we."

Mama mkubwa alikuwa uani na ndugu yangu, wanachagua nyanya, nzuri kwenye beseni, zilizopondeka kwenye sufuria ya nyumbani. Ndugu yangu alinitazama, akarudi kwenye nyanya zake. Kumbe yeye alijua tangu siku ya kwanza kwamba nimewaficha. Yeye ana simu, anajua zinavyofanya.

Nikasema. Sijui nilisema nini. Najua mama mkubwa alisema, "Sema kwa nguvu. Kwa simu ulikuwa na nguvu."

Nikarudia. Kwamba mama hakujua. Kwamba ni mimi peke yangu. Kwamba barua ilikuja Jumanne, na Jumanne hiyohiyo nilisema bado.

Mama mkubwa akafuta mikono kwenye kitenge alichofunga kiunoni. Akamwambia mama yangu, si mimi, "Nilikuwa kwa barrière, kwa mustari. Mwanamuke anauza ndizi ananiambia félicitations, hongera. Namuuliza, félicitations ya nini? Ananitolea simu yake. Mutoto na uniform, na maua. Anasema, 'Yewe, si huyu wa maziwa yako? We mama gani, unajua wa mwisho?' Mustari yote inanitazama. Nikacheka. Nikasema, 'Nilijua, nilikuwa nakupima kama we unajua.'" Hapo ndipo akanigeukia. "Nilidanganya watu wa barrière, mi mutu mzima, ili wasikuseme vibaya."

"Wakati nilikunyonyesha, wa kanisani walisema, unalisha mutoto wa Waislamu. Nikawaambia, njaa ya mutoto haina dini. Nilikaa pale kwa mulango yangu, na barabara inapita, na mi nakunyonyesha. Nilikuficha?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Nilikuwekea alama?"

"Hapana."

Mama yangu alishindwa kuendelea kunyamaza. "Chérie, na mi nilikusema vibaya. Jana. Nilisema unafurahi tukiwa chini."

"Ulisema kwa nani?"

"Kwa viazi."

Mama mkubwa alimtazama. Kitu kilipita kwenye mdomo wake, akakizuia kisitoke. "Viazi havina mudomo," akasema. Akavuta kibao cha kukalia, akakisukuma upande wangu. "Iko wapi barua?"

"Iko kwa simu."

"Nisomee. Sitaki status. Nisomee yote, kutoka juu."

Barua ni ya Kiingereza. Ilinibidi niisome kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya kusikika uani kote. Tunafurahi kukujulisha. Nilipofika hapo sauti ikakata, kwa sababu ndugu yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na yake, nilijua, inaanza kwa tunasikitika. Mama mkubwa akangoja. Nikasoma tena, tunafurahi kukujulisha, nikaenda mpaka chini, mpaka tarehe ya kuripoti na orodha ya vitu vya kubeba, ndoo, shuka, koti jeupe.

Alipohakikisha imekwisha, aliweka mkono mdomoni akapiga impundu. Ndefu, ya pumzi yote. Kuku walikimbia. Watu wa nyumba za chini wakatoka kuangalia. Impundu hizo zilikuwa zimechelewa siku nne, na mama yangu alilia kama mtu aliyepigwa.

Kisha mama mkubwa aliingia ndani, akatoka na kile kitenge kisicho na mikono. "Jumamosi ni harusi," akasema. "Weka mikono. Na usiniongezee upana, mi sijanenepa."

"Umenenepa, chérie," mama akasema, akipenga kamasi.

Ingekuwa vizuri kuishia hapo. Lakini kitenge kilikuwa suluhu ya mama zetu wawili, na ndugu yangu hakuwa amesema kitu.

Kesho yake nilimngoja bombani. Alikuja na dumu lake, akaliweka chini ya maji, akatazama linavyojaa.

"Barua ilikuja Jumanne saa ngapi?"

"Saa saba."

"Mi nilikuambia saa kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikiwa nalia kwa bega yako, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na nikakuambia yako itakuja."

"Ndiyo."

Alifunga bomba. Dumu lilikuwa halijajaa vizuri. "Mi ningelia siku hiyo, halafu ningekupigia kelele ya furaha siku ya pili," akasema. "Siku moja tu nilikuwa nahitaji. Hukunipa hata nafasi. Ulishaamua mi ni mutu gani." Akainama kushika dumu. "Mwaka kesho nitaomba tena. Sasa naenda na mama kwa nyanya. Usinionee huruma. Nikikuona unanionea huruma nitakupiga."

"Sawa."

"Sisikii."

"Sawa!" nikasema, na mwanamke aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akageuka.

Hakucheka. Siku zote hapo angecheka. Alichukua kata yake ya kitambaa, akaiweka kichwani, akasimama akingoja, na nikachelewa kuelewa anachongoja. Dumu la lita ishirini mtu hajitwishi peke yake.

"Shika huko," akasema.

Nikashika upande mmoja, yeye mwingine, tukalipandisha. Akalikalisha sawa, akaondoka bila kugeuka, na maji yalikuwa yanamwagika kidogo kidogo shingoni kwake, kwa sababu nililipandisha vibaya.